Burudani mpya za nyumbani katika usiku wa masika

Mkaazi wa Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Masika haya yanatufungia ndani tangu Magharibi, na nyumbani kwangu kila mmoja, mimi mwenyewe nikiwemo, huishia kuinamia simu yake hadi usingizi umchukue. Ningependa kujaribu namna nyengine ya kujiburudisha, isiyohitaji bando wala kungoja umeme, ambayo mimi na mke wangu tutaweza kuifanya pamoja na watoto, na ambayo hata nikibaki peke yangu sitaiona nzito. Nani amewahi kujaribu jambo la aina hii, na alianzia wapi?

Mchezaji wa Kikwajuni

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nakushauri ulihamishie bao ndani. Tumezoea kuliona barazani, wazee wakicheza na vijana wakitazama, hata wengi wetu hatujawahi kufikiri kuwa mke na mume, au baba na binti yake, wanaweza kukaa nalo ukumbini. Ubao wa kuchonga una bei yake, lakini si lazima uwe nao: chukua trei mbili za mayai, kata kila moja upate mashimo 4 kwa 4, ziunganishe, na mashimo 32 yametimia. Kete ni 64; komwe zikikosekana, kokoto ndogo zinatosha.

Watoto waanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo hupewa kete 2 na mchezo ukaanza moja kwa moja. Wakishazoea kuhesabu kwa macho bila ya kugusa kete, hapo ndipo muingie bao la kiswahili lenyewe, ambamo kila mchezaji hutandika kete 10 tu, 6 kati yake zikiwa katika nyumba, yaani shimo lake maalumu, na 22 hubaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Utamu wote umo humo, kwa sababu mtu hulazimika kuchagua kati ya kula kete za mwenzake sasa na kuilinda nyumba yake, na kosa la mwanzo huja kuonekana baadaye sana. Umeme ukikatika, kandili moja inatosha.

Bi Msusi, Makunduchi

Mwanangu, bao ni zuri, lakini linataka watu wawili, nawe umetaja kubaki peke yako. Jaribu kusuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Miyaa ya ukindu huuzwa ikiwa imekwisha kukaushwa, na baadhi yake imeshatiwa rangi. Ichane kwa upana unaolingana, uirowanishe, kisha uifunge ndani ya kitambaa chenye maji, kwani mikavu hukatika na kingo zake huchoma vidole. Anza na ukili mwembamba wa kipepeo cha kujipepea, usikimbilie mkeka, ambao unataka ukili mrefu sana wa kushonwa ukingo kwa ukingo. Kazi hii huuacha ulimi huru, basi mtaweza kutegeana vitendawili huku mikono ikiendelea. Wala usijali ukiambiwa kuwa ni ya wanawake. Mwanamme aliyejifunza husuka vizuri vile vile.

Mpenzi wa Taarab, Mkunazini

Naongeza moja. Redio ikiweka wimbo wa taarab, mmoja wenu aandike beti daftarini, kisha mjadiliane nani anasemwa na fumbo liko wapi. Tangu zama za mwimbaji Siti binti Saad, aliyerikodi sahani zake za santuri za mwanzo Bombay mwaka 1928, watunzi wetu wanajua kuificha maana ndani ya maua na ndege.

Mkaazi wa Wete

Ahsanteni sana. Bi, miyaa nitaitafuta. Ndugu wa Kikwajuni, nifahamishe: kete yangu ya mwisho ikiangukia katika nyumba yangu mwenyewe, nasimama au naendelea?

Mchezaji wa Kikwajuni

Inategemea umefikaje. Wakati wa kunamua, ikiwa nyumba haijavunjwa, yaani haijawahi kuachwa tupu, na ina kete 6 au zaidi, na zamu hiyo umekula, hiari ni yako: ukitaka unalala hapo, yaani unasimama, ukitaka unasafiri nazo, yaani unazichukua zote na kuendelea kuzisambaza. Ikiwa unatakata tu, yaani unasambaza kete bila ya kula, unasimama. Watoto usiwafundishe kanuni hii mpaka wawe wamelimudu bao la kujifunza.