Msamaha na Ukristo katika fasihi ya Korea: je, Yi Chong-jun anaipinga imani?

Mpenzi wa Riwaya: Ndugu wasomaji, nimesoma hadithi ya Yi Chong-jun ya mwaka 1985 kuhusu mama ambaye mwanawe alitekwa na kuuawa na mkuu wa chuo alikokuwa akijifunza hesabu. Mama huyo anaokoka, anajikaza hadi kwenda gerezani kumsamehe muuaji, na huko anamkuta ametulia, akiamini kwamba Mungu amekwisha kumsamehe. Baada ya muuaji kunyongwa, mama anajiua. Je, mwandishi anaipinga dini?

Msomaji Mkongwe: Sioni kwamba anaipinga. Aliyedhulumiwa ni huyo mama, na msamaha ndio kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho cha kutoa. Alipofika akakuta umekwisha kutolewa bila yeye kuulizwa, akawa hana tena nafasi katika msiba wake mwenyewe. Swali hilo linaulizwa kutoka ndani ya imani, na ndiyo maana linauma. Zingatia pia kwamba msimulizi ni mumewe, ambaye anayaona yote asiweze kuyazuia.

Binti Kitabu: Nakubaliana nawe, ila tusiusahau upande wa historia. Hwang Sok-yong, katika riwaya yake ya mwaka 2001 iitwayo “Mgeni”, anarudi Sincheon, mkoani Hwanghae, ambako mwaka 1950 Wakristo na wakomunisti waliuana ilhali walikuwa majirani wa kijiji kimoja. Wakorea wa zamani waliuita ugonjwa wa ndui “mgeni”, na mwandishi anaziita hivyo imani zote mbili zilizotoka ng’ambo. Mchungaji Yosop, yaani Yosefu wetu, anasafiri kutoka Marekani hadi kijiji alikozaliwa, akiandamwa na mzuka wa kaka yake Yohan, aliyekuwa miongoni mwa wauaji. Sura 12 za riwaya zinafuata mpangilio wa tambiko la kuwatuliza wafu. Hilo lilinigusa sana, kwa kuwa mchungaji anasindikizwa kwenye toba na desturi ambayo kanisa lake liliikataa.

Msomaji Mkongwe: Umenikumbusha hadithi ya Kim Dong-ri ya mwaka 1936, ambamo mganga wa mizimu anaichoma Biblia ya mwanawe na kumchoma kisu. Huko mgeni na mwenyeji ni mama na mtoto. Mpenzi wa Riwaya, anza na hiyo kabla ya “Mgeni”.