Shimo la Bibi

*Shangazi Mkubwa:* Assalaam alaykum wanangu. Hitma ya arubaini ya Bibi ni Ijumaa baada ya alasiri, hapahapa Paje. Mchele umeshapatikana. Aliye mbali amsomee Yasini hukohuko.

*Ami wa Maskati:* Waalaykum salaam dada. Sitowahi, nimeshatuma mchango wa kitoweo. Ila naomba mniandikie habari za Mama. Huku usiku silali.

*Mjukuu wa Dar:* Ami, hakulala kitandani hata siku tatu. Wiki ileile alikuwa anauliza bamvua lini.

*Ami wa Maskati:* Bamvua 😢 Nilikuwa mdogo, mwani haujaja bado. Maji ya bamvua yakitoka mbali kabisa, tunashuka naye pwani kufukua makumbi ya nazi tuliyoyafukia yaoze. Harufu yake unaziba pua. Yeye keshakaa, anaponda mpaka zinabaki nyuzi tupu, usumba wenyewe. Usiku anasokota kamba, viganja vyote sugu. Viatu vyangu vya skuli ni kamba zile.

*Shangazi Mdogo:* Mwani ulipoingia hapa, 1989, wako waume waliowakataza wake zao. Mama keshakuwa mjane, nani wa kumkataza? Akachukua vijiti na kamba akaingia baharini. Bati hili mnalolala chini yake ni kotonii mtupu, ule mwani wa bei kubwa.

*Shangazi Mkubwa:* Halafu maji yakawa moto, kotonii ikawa inaoza kwenye kamba. Siku ile alirudi na gunia tupu, akakaa barazani hasemi na mtu mpaka magharibi. Asubuhi kaenda kupanda spinosi, mwani wa aina nyengine, na bei yake ndogo vile. Alinung'unika kila siku, lakini hakuacha. Allah amrehemu.

*Shangazi Mdogo:* Amin.

*Ami wa Maskati:* Amin yaa Rabbi.

*Jirani Mama Pacha:* Mniwie radhi, mimi si wa damu. Nilipohamia hapa na pacha wangu wachanga sikuwa na shimo pwani, na mashimo yana wenyewe. Bibi akanishika mkono akanipeleka kwenye lake. Akasema, "Fukia hapa, mpaka usimame." Nimefukia humo miaka kumi na moja, hajanidai hata pishi ya mchele.

*Ami wa Maskati:* Wallahi hili silijui.

*Jirani Mama Pacha:* Na kuna jambo sikuweza kulisema msibani. Makumbi yake bado yamo. Tulifukia pamoja kabla ya Ramadhani, yake upande wa kibla, yangu upande huu. Yameshaiva.

*Shangazi Mkubwa:* Subhanallah.

*Shangazi Mkubwa:* Magoti yangu hayashuki tena pwani.

*Mjukuu wa Dar:* Mimi nakuja Alhamisi, nitabaki mpaka bamvua. Ila sijawahi kuponda makumbi, shangazi.

*Jirani Mama Pacha:* Nitakuonyesha mwanangu. Njoo na kanga kuukuu. Nyundo ya Bibi ya kupondea ninayo mimi.