Utando mwekundu unarudi kila wiki kwenye tangi la maji ya chumvi, nisaidieni

SamakiWaSouthB
Habari zenu wadau. Nina tangi la lita 200, mwaka na nusu sasa. Tangu Januari mchanga unafunikwa na utando mwekundu unaoelekea zambarau, unateleza kama ute, na kufikia mchana umejaa viputo. Naufyonza kwa mpira Jumamosi, Jumatano umerudi. Nimetumia antibiotiki mara mbili. Kila mara tangi linang'aa wiki mbili tu. Mara ya pili nilipoteza samaki, alikesha juu ya maji akihema. Imeniuma sana. Nikipima fosfati ni sifuri, nitrati sifuri. Sasa huu utando unakula nini? Dawa sitaki tena.

BabaMatumbawe
Pole sana ndugu. Huo si mwani, ni sayanobakteria: bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea, ndiyo maana antibiotiki inawaua. Wakifa wote kwa pamoja wanaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata siku ya kawaida maji yetu hubeba oksijeni kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa. Nadhani samaki wako alikosa hewa. Anayeweka dawa hiyo lazima awashe pampu ya hewa usiku na mchana.

Sifuri isikudanganye. Utando unafyonza fosfati kabla hujaipima. Na nitrati ikiisha kabisa, baadhi ya aina zake hutumia nitrojeni ya hewani, wakati washindani wake wanakufa njaa. Maji ya kuongezea unatoa wapi?

SamakiWaSouthB
Kisima cha ploti, napitisha kwenye mashine ya RO, ile ya kuchuja madini. Vichujio sijawahi kubadilisha tangu ninunue.

Mama Pwani
Basi anzia hapo, mwanangu. Tafuta kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini, pima maji yanayotoka kwenye mashine. Yanatakiwa kusoma 0. Visima vya huku vina madini mengi, resini, zile chembe za mashine zinazonasa madini yaliyobaki, huchoka upesi. Kila siku unafidia maji yaliyokauka, lakini kinachokauka ni maji peke yake. Kilichokuja nayo kinabaki, kinajazana mwezi baada ya mwezi.

Chakula cha samaki kilichogandishwa kiyeyushe, ukisuuze kwenye chujio, yale maji yake umwage, nayo hulisha utando.

Fundi_Pampu
Angalia pia mzunguko. Utando hupenda maji yaliyolala. Stima ikipotea na kurudi, pampu nyingine hunguruma tu bila kusukuma. Zifungue, uloweke kwenye siki. Giza la siku tatu litaupunguza, lakini ukifanya hilo peke yake utarudi.

SamakiWaSouthB
Nimerudi, wiki ya tatu leo. Kipimo kilisoma 46! Nimebadilisha vichujio na resini, sasa ni 0, na kila Jumamosi nabadilisha lita 20. Pampu ya nyuma ilikuwa imeshikwa na chokaa. Mchanga umeanza kuonekana mweupe, ila nyuma ya jiwe kubwa pamebaki utando kama kiganja. Pampu niielekeze kutoka juu au ubavuni?

Fundi_Pampu
Ubavuni, iinue kidogo isirushe mchanga. Na endelea kufyonza, usiuache ufie humo.

SamakiWaSouthB
Asante. Nafanya leo jioni.