Naomba ushauri: Z ya CNC inashuka yenyewe katikati ya kazi

Wakuu habari, naombeni msaada hii mashine inaninyima usingizi. Ni CNC ndogo ya kuchonga (mashine inayoongozwa na kompyuta), stepa mota (mota zinazosogea hatua kwa hatua) na Mach3 (programu ya kuiendesha), tuko nayo karakana hapa Gerezani. Nikichonga alumini mwanzo inaenda freshi tu ila baada ya kama dakika 20 Z (mhimili wa juu-chini) inaanza kushuka yenyewe kidogo kidogo, jana shimo la kina cha mm 6 limefika 7.4 na kipande cha mteja kimeharibika, roho imeniuma sana. Na skrini inaonyesha namba sahihi kabisa.

Nimechora mstari wa maka peni kwenye kisu pale kwenye koleti (kishikio cha kisu), hakijateleza. Kapling (kiungo cha mota na skrubu ya Z) imekaza. Nikaendesha programu ile ile hewani spindo (mota inayozungusha kisu) imezimwa, Z ikarudi sifuri vizuri kwa dayo geji (saa ya kupimia), nikiwasha spindo tu inapotea kama mm 0.3. Nahisi ni umeme wa invata (kifaa kinacholisha spindo umeme) unaingia kwenye waya za stepa maana zimepita njia moja na waya wa spindo na shildi (kinga ya waya) haijafungwa ethi popote. Nianze kutenganisha waya au ni draiva ya Z (kifaa kinachoendesha mota yake) ndo inachemka? Aliyewahi kukutana na hii anisaidie jamani, keshokutwa natakiwa kukabidhi vipande 12.