Kuvuka mto chini ya risasi katika mchezo wa vita

Swali: Ndugu, katika mchezo wetu wa vita vya enzi za magobori, mshambuliaji huvuka mto kirahisi mno. Nirekebishe nini?

Jibu: Daraja liweze kukatika. Mwezi Mei 1809, huko Aspern-Essling, karibu na Vienna, Waaustria waliachilia vyombo vizito vikaelea na mkondo wa Danube hadi vikavunja daraja la Napoleon, na askari wake waliokwisha kuvuka wakapungukiwa baruti na askari wa akiba. Basi tupa dadu kila zamu kuona kama daraja limekatika.

Jibu: Naafiki, ila mlinzi naye asijue mapema mahali pa kuvukia. Kwenye mto Berezina, mwaka 1812, Warusi walivutwa kusini mwa mji wa Borisov, huku wahandisi wa Eblé, jenerali wa Napoleon, wakijenga madaraja mawili Studienka, wakiwa ndani ya maji yenye barafu.