Makala uliyoifuta, nani ana haki ya kubaki nayo?

Nauleta mjadala huu nikiwa na upande tayari, kwa hiyo nibisheni.

Nilikuwa nafuta rasimu za zamani kwenye blogu yangu. Nikateua ukurasa mzima wa orodha badala ya rasimu nne, nikabofya. Makala za mwaka mzima zikaenda nazo. WordPress, mfumo unaoendesha blogu yangu, kwa kawaida huweka vilivyofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30. Mimi nilishtuka siku hizo zimeshapita. Nakala ya akiba sikuwa nayo, maana niliamini kwamba kilichoingia mtandaoni hakitoki.

Kinatoka. Yahoo ilipoifunga GeoCities, huduma yake ya kuweka tovuti za watu binafsi, mwaka 2009, mamilioni ya kurasa yalizimwa, yakapona yale tu yaliyowahiwa kunakiliwa. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii, ilikiri kupoteza nyimbo, picha na video zilizopakiwa kwa miaka mingi, kisa kuhamisha seva.

Kilichoniokoa ni Wayback Machine ya Internet Archive, taasisi inayonakili kurasa tangu 1996 bila kusubiri ruhusa ya mwenyewe. Nilibandika anwani yangu, ikaja kalenda yenye viduara kwenye siku zilizonakiliwa. Maneno yangu yalikuwepo. Picha hazikuwepo, zimebaki fremu tupu na maelezo yake chini. Nilinakili aya kwa aya hadi usiku wa manane, na nilishukuru kwa dhati.

Ila humo humo nikakuta makala niliyoifuta kwa makusudi, kuhusu ugonjwa wa dada yangu. Yeye ndiye aliyeniomba niitoe. Niliitoa siku ile ile, nikamwambia imekwisha.

Msimamo wangu: kunakili kuendelee bila kuomba ruhusa, kwa sababu hakuna ajuaye mapema kipi kitapotea. Lakini mwandishi, au aliyeandikwa, akiomba jambo lake binafsi liondolewe, liondolewe. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuitaka Google iondoe kwenye matokeo ya utafutaji viungo vya habari zake zilizopitwa na wakati. Ukurasa wenyewe ukabaki ulipo. Kwangu hiyo ni nusu ya haki. Kauli za viongozi na matangazo ya serikali ni suala jingine, hayo yasiguswe hata wenyewe wakilia.

Nimeshaandika kuomba ukurasa ule utolewe. Mnaosema nakala isiguswe kamwe, nielezeni: dada yangu nimjibu nini?