Mrejesho: Deki ya CD ya mtumba nimeipata

Wakuu, niliomba ushauri wa deki ya CD iliyotumika, yenye sauti nzuri kuliko deki ya DVD ya bei chee niliyokuwa nimeiunga kwenye amplifaya. Asanteni sana, nimepata.

Deki ya kampuni ya Marantz mliyoisifia niliikuta Kariakoo, bei ikanishinda. Nyingine ilikuwa safi kabisa, ila nyuma imeandikwa 100V, umeme wa Japani. Mkuu uliyesema nisome kibandiko kabla ya kulipa, umeniokoa. Umeme wetu ni 230V, ningelazimika kununua na transfoma. Nikachukua ya 230V, ya miaka ya 1990.

Ushauri ulionifaa zaidi ni ule wa kwenda dukani na CD yangu ndefu na kusikiliza nyimbo za mwisho. CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo kuna deki inayopiga wimbo wa kwanza vizuri halafu inakwama mwishoni. Hii niliyochukua ilipiga CD yote hadi mwisho. Nyumbani besi imetulia, na kwenye taarabu fidla sasa inasikika peke yake, haijajificha nyuma ya mwimbaji. Hata mke wangu, asiye na habari na mambo haya, aliuliza kumebadilika nini.

CD za kuchoma ndizo zimegoma. Zinarukaruka hata baada ya kusafisha lenzi kwa pamba na spiriti. Fundi anasema lenzi imechoka, na CD hizo huakisi mwanga kidogo kuliko za kiwandani. Hizo bado napigia kwenye ile DVD.